Apache, Nginx au Caddy: Ipi Isimame Mbele ya Programu Yako ya Wavuti?

Anayetaka kuiweka programu yake ya wavuti hewani hukutana mapema na swali la seva ya wavuti, yaani achague Apache, Nginx au Caddy, na mara nyingi hulijibu kwa pupa: huchukua ile aliyoikuta katika mafunzo ya kwanza aliyoyasoma, kisha huishi nayo kwa miaka. Katika ulinganisho huu nimechukua mfano mmoja ulio wazi, nao ni programu ya chama cha akiba na mikopo chenye wanachama wapatao 3,000. Programu hiyo inaendeshwa kwenye seva pepe moja yenye RAM ya GB 2, inasimamiwa na msanidi mmoja au wawili, inapokea taarifa za malipo kutoka huduma za fedha za simu, na inafunguliwa na wanachama wengi kwa simu za mkononi, kwenye mtandao ambao kasi yake hupanda na kushuka. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu ni aina ya kazi ninayoifahamu, na kwa sababu unadhihirisha tofauti ambazo majedwali ya vipimo vya kasi huzificha.

Kwanza ni vizuri kuelewana kuhusu kazi yenyewe. Programu iliyoandikwa kwa Django, Laravel au Node.js, ambazo ni zana za kujengea programu za wavuti, huendeshwa na mchakato wake yenyewe, ambao kwa kawaida husikiliza ndani ya mashine tu, kwa mfano kwenye anwani 127.0.0.1 na poti (namba ya mlango wa mtandao) 8000. Seva ya wavuti ni bawabu anayesimama mlangoni, kwenye poti 80 na 443: hupokea maombi kutoka nje, hushughulikia usimbaji fiche, hutoa yenyewe picha na mafaili mengine yasiyobadilika, na yale yanayohitaji hesabu huyapeleka ndani kwa programu na kusubiri jibu. Kwa hiyo kasi ya programu yako hutegemea zaidi hifadhidata na msimbo ulioandika kuliko bawabu uliyemwajiri. Swali la maana zaidi ni namna bawabu huyo anavyosubiri, na nani atamsimamia siku mambo yatakapoharibika.

Zilikotoka

Apache ilianza mwaka 1995, pale kundi la wasimamizi wa tovuti lilipokusanya marekebisho ya seva iliyoandikwa na Rob McCool katika kituo cha NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, na tangu mwaka 1999 inalelewa na Apache Software Foundation, taasisi isiyo ya kibiashara. Nginx iliandikwa na Igor Sysoev nchini Urusi alipokuwa akifanya kazi Rambler. Aliianza mwaka 2002 na kuitoa kwa umma mwaka 2004, akilenga tatizo lililokuwa likijadiliwa wakati ule, la seva moja kuhudumia miunganisho 10,000 kwa wakati mmoja. Caddy ndiyo changa kuliko zote: Matt Holt aliitoa mwaka 2015, imeandikwa kwa lugha ya Go, na toleo lake la 2, ambalo liliandikwa upya, lilitoka mwaka 2020. Zote tatu ni programu huria na hazidai malipo.

Namna ya kusubiri

Hapa ndipo penye tofauti kubwa, na kwa watumiaji wa simu ndipo penye uzito.

Katika mpangilio wa zamani wa Apache uitwao prefork, kila muunganisho hupewa mchakato mzima wa kuuhudumia. Ukiongeza moduli ya mod_php, kila mchakato hubeba ndani yake mfasiri mzima wa lugha ya PHP, hata kama mtu aliyeunganishwa anataka nembo ya chama tu. Tuseme kila mchakato unatumia MB 40. Kikomo cha kawaida cha prefork ni michakato 256, na hesabu hiyo inakaribia GB 10, ilhali mashine yetu ina GB 2. Siku ya mwisho wa mwezi, wanachama wanapofungua salio lao kwa pamoja, mashine huanza kutumia diski kama kumbukumbu, na kila kitu husimama. Kibaya zaidi, mwanachama mwenye mtandao dhaifu hushikilia mchakato kwa muda wote ambao ukurasa unamdondokea kidogo kidogo, kwa hiyo watu 50 wenye mtandao hafifu wanaweza kuilemea seva kuliko watu 500 wenye mtandao mzuri.

Ni haki kusema kwamba Apache yenyewe ilikwishajirekebisha. Toleo la 2.4, lililotoka mwaka 2012, lilileta mpangilio wa event ukiwa umekomaa. Ndani yake miunganisho iliyotulia hukabidhiwa kwa uzi mmoja (mkondo wa kazi ndani ya mchakato) unaoilinda yote, na nyuzi nyingine hubaki huru kufanya kazi. Ukiutumia pamoja na PHP-FPM, ambayo huiendesha PHP pembeni, uzito mwingi unaolalamikiwa hutoweka. Ninaamini wengi wanaoishutumu Apache wanashutumu ndoa ya prefork na mod_php, ambayo bado imo katika mashine nyingi kwa sababu hakuna aliyewahi kuigusa. Ishara moja ya kuitambua ni kwamba HTTP/2, toleo la pili la itifaki ya wavuti, haifanyi kazi chini ya prefork tangu toleo la 2.4.27.

Nginx ilijengwa tangu mwanzo kwa namna nyingine. Huwa na michakato michache, kwa kawaida mmoja kwa kila kiini cha kichakataji, na kila mmoja huangalia maelfu ya miunganisho kwa zamu, ukishughulikia ule tu ulio na jambo jipya. Mwanachama mwenye mtandao dhaifu hugharimu kumbukumbu kidogo sana. Caddy hufikia lengo hilohilo kupitia nyuzi nyepesi za lugha ya Go, ingawa hutumia kumbukumbu na kichakataji zaidi ya Nginx kwa kazi ileile. Kwa wanachama 3,000, tofauti hiyo haionekani.

Ipo tofauti nyingine ambayo huonekana, na sijaona ikitajwa vya kutosha. Mwanachama anapopakia picha ya kitambulisho yenye MB 4 kutoka simu yake, upakiaji unaweza kuchukua dakika nzima. Nginx, isipoelekezwa vingine, huipokea picha yote kwanza na kuihifadhi, kisha huipeleka kwa programu kwa mkupuo mmoja. Programu hushughulika na ombi hilo kwa sekunde moja au mbili tu. Caddy, isipoelekezwa vingine, huipitisha picha kadiri inavyofika. Kama nyuma yake kuna Gunicorn, seva inayoendesha programu za Python kama zile za Django, yenye wafanyakazi 4 wa aina ya kawaida, ambao kila mmoja hushika ombi moja kwa wakati, basi watu wanne wanaopakia picha polepole wanatosha kuifunga programu yote kwa wengine. Ndiyo maana waandishi wa Gunicorn wenyewe hushauri kuweka Nginx mbele yake, na humtahadharisha anayechagua proksi (seva ya kati inayopokea maombi kwa niaba ya programu) nyingine ahakikishe kuwa inawakusanyia wateja wa polepole. Caddy inaweza kuelekezwa kukusanya kwa kipengele cha request_buffers, au unaweza kuwapa wafanyakazi wa Gunicorn nyuzi zaidi. Jambo la msingi ni kwamba lazima ujue, kwa sababu tatizo hili halitajitokeza kamwe unapojaribu kwa kompyuta yako ofisini.

Cheti cha usalama

Tovuti haiwezi kutumia HTTPS, yaani HTTP yenye usimbaji fiche, bila cheti, na hapa Caddy inashinda waziwazi. Linganisha maelezo mawili ya usanidi yanayofanya kazi ileile. Hili la kwanza ni la Nginx, likiwa limepunguzwa kadiri inavyowezekana:

```
server {
    listen 443 ssl;
    server_name chama.example.com;
    ssl_certificate     /etc/letsencrypt/live/chama.example.com/fullchain.pem;
    ssl_certificate_key /etc/letsencrypt/live/chama.example.com/privkey.pem;
    client_max_body_size 10m;

    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:8000;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
    }
}
```

Na hili ni la Caddy:

```
chama.example.com {
    reverse_proxy 127.0.0.1:8000
}
```

Mistari hiyo mitatu ya Caddy huomba cheti kwa Let's Encrypt, mtoa vyeti wa bure, huhuisha cheti kabla hakijaisha, huwahamisha wageni wa HTTP kwenda HTTPS, na huipelekea programu anwani ya kweli ya mgeni. Kwa Nginx utahitaji pia chombo cha kuomba na kuhuisha vyeti, kama certbot, na sehemu nyingine ya usanidi kwa ajili ya poti 80. Apache ina moduli yake iitwayo mod_md, inayoomba na kuhuisha vyeti bila chombo cha nje, ingawa wasimamizi wengi bado wanatumia certbot kwa mazoea.

Niliwahi kukabidhiwa programu ambayo cheti chake kilikuwa kikihuishwa ipasavyo na certbot, lakini hakuna aliyeiagiza Nginx isome upya faili lile jipya. Cheti kipya kilikuwa kimelala kwenye diski, na seva iliendelea kuonyesha cha zamani mpaka kikaisha usiku wa Jumamosi. Vivinjari vya wanachama vilitoa onyo, jambo ambalo wangeweza kulivumilia. Lakini taarifa za malipo ya simu, ambazo hutumwa na mashine kwa mashine kupitia HTTPS, zilikataliwa kimya kimya, na Jumatatu tulikaa na orodha ya miamala tukiioanisha na majina ya watu kwa mkono. Amri moja ya kuisoma upya seva baada ya kuhuisha cheti ingetuepusha na hayo yote.

Jambo hili litazidi kuwa na uzito. Vyeti vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90. Kwa uamuzi wa mwaka 2025 wa CA/Browser Forum, ambalo ni baraza la watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, ukomo wa muda wa vyeti vyote vya umma umewekwa kuwa siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Yule aliyezoea kununua cheti cha mwaka mzima na kukibandika kwa mkono hana tena njia hiyo, na seva inayojihudumia yenyewe katika hili inamwondolea msanidi mzigo halisi.

Caddy nayo ina sharti lake. Vyeti huhifadhiwa katika folda yake ya data, na ukiiendesha ndani ya kontena (kifurushi kilichotengwa cha kuendeshea programu) bila kuihifadhi folda hiyo nje ya kontena, itaomba cheti kipya kila kontena linapoundwa upya. Let's Encrypt hairuhusu vyeti zaidi ya 5 vya majina yaleyale ndani ya siku 7, kwa hiyo mchana mmoja wa majaribio unaweza kukuacha bila cheti kwa zaidi ya siku moja.

Usanidi na mitego yake

Nguvu ya Apache ambayo Nginx na Caddy hazina ni faili la .htaccess, ambalo huwekwa ndani ya folda ya tovuti na kubadilisha tabia ya seva mara moja, bila mamlaka ya msimamizi mkuu. Ndiyo iliyowezesha upangishaji wa pamoja, ambapo mamia ya wateja hukaa kwenye mashine moja na kila mmoja anapanga mambo yake. Gharama yake ni kwamba Apache hulitafuta faili hilo katika kila folda ya njia nzima kwa kila ombi. Kwenye mashine yako mwenyewe huna sababu ya kulipa gharama hiyo. Andika masharti yote katika usanidi mkuu na uache AllowOverride ikiwa None.

Anayehama kutoka Apache kwenda Nginx au Caddy azingatie jambo hili kwa makini: hizo mbili hazisomi .htaccess kabisa, wala hazitoi onyo. Folda iliyokuwa imefungwa kwa faili hilo huwa wazi saa ileile unapohama. Katika programu ya Laravel, mzizi wa tovuti usipoelekezwa kwenye folda ya public, faili la .env lenye nywila ya hifadhidata linaweza kusomwa na mtu yeyote anayeandika anwani yake kwenye kivinjari.

Nginx ina lugha ya usanidi iliyo fupi na yenye nidhamu, lakini alama moja ndani yake hubadilisha maana. Ukiandika `location /picha` bila mkwaju (/) wa mwisho, kisha ukaielekeza kwa `alias /srv/chama/picha/` yenye mkwaju, mgeni anaweza kuomba `/picha../` na kufikia mafaili ya folda ya juu, yakiwemo ya msimbo wako. Kadhalika, vichwa vya usalama (maelekezo kwa kivinjari yanayoambatana na jibu) ulivyoviweka juu kwa add_header hufutika ndani ya location yoyote yenye add_header yake. Viwango vya kawaida navyo huwashangaza wageni: ukubwa wa ombi umewekewa kikomo cha MB 1, kwa hiyo ile picha ya kitambulisho itakataliwa kwa kosa la 413 mpaka ubadilishe, na jibu la programu husubiriwa sekunde 60 kabla ya kosa la 504 kutolewa. Caddy haina kikomo cha ukubwa isipokuwa umekiweka, na kwa programu ya fedha ningekiweka.

Jambo moja zaidi kwa wanaotunza kumbukumbu za ukaguzi. Mstari wa X-Forwarded-For katika mfano wa Nginx hapo juu huongeza anwani ya mgeni mwishoni mwa chochote alichokituma mwenyewe, hivyo programu inayochukua anwani ya kwanza katika orodha inaweza kudanganywa na mtu yeyote. Caddy huitupa thamani iliyotumwa na mgeni, isipokuwa umeitambulisha proksi iliyomtangulia kuwa ya kuaminika. Kwa chama kinachotaka kujua nani aliidhinisha mkopo kutoka mashine ipi, hilo si dogo.

Usalama na ulezi

Hakuna kati ya hizi isiyowahi kuwa na udhaifu. Oktoba 2021 toleo la Apache 2.4.49 lilikutwa na kosa lililomruhusu mshambuliaji kusoma mafaili nje ya folda ya tovuti, na marekebisho ya 2.4.50 hayakutosha mpaka ilipotoka 2.4.51 siku chache baadaye. Caddy, kwa kuwa imeandikwa kwa Go, ina kinga dhidi ya aina nyingi za makosa ya kumbukumbu yanayozisumbua programu za lugha ya C, na hutumia maktaba ya usimbaji fiche ya Go badala ya OpenSSL, iliyoandikwa kwa C. Hata hivyo Apache na Nginx zina faida kubwa ya kivitendo: zimo katika hazina za Debian na Ubuntu tangu zamani, na masasisho ya usalama huingia pamoja na ya mfumo mzima.

Kuhusu ulezi, kampuni ya Nginx ilinunuliwa na F5 mwaka 2019 kwa dola milioni 670, na Februari 2024 Maxim Dounin, mmoja wa waandishi wake wakuu, aliondoka katika mradi na kuanzisha freenginx baada ya kutofautiana na kampuni hiyo juu ya namna ya kushughulikia taarifa za usalama. Programu yenyewe bado ni huria na inaendelea vizuri, na mimi nisingeikwepa kwa sababu hiyo.

LiteSpeed na IIS

LiteSpeed, seva nyingine ya wavuti, utaikuta zaidi kwenye upangishaji wa pamoja, kwa kuwa husoma usanidi wa Apache na kuiendesha PHP kwa kasi, lakini toleo lake kamili hulipiwa. OpenLiteSpeed ni huria, ila haisomi kila kitu kilichomo katika .htaccess. IIS, seva ya Microsoft, inafaa pale tu ambapo programu yako imefungwa kwenye Windows.

Ningechagua ipi

Kwa chama chetu, kama programu imeandikwa kwa Node.js, Go au lugha nyingine inayovumilia miunganisho mingi ya polepole, na msanidi ni mmoja, ningechagua Caddy bila kusita, kwa sababu ya vyeti na kwa sababu usanidi wake unaweza kusomwa na mtu mwingine siku msanidi huyo atakapokuwa mgonjwa au ameacha kazi. Kama ni Django juu ya Gunicorn na wanachama wanapakia picha na nyaraka, ningechagua Nginx, nikaandika ile amri ya kuisoma upya baada ya cheti kuhuishwa kabla sijaandika kitu kingine chochote. Kama ni PHP ya siku nyingi yenye mafaili ya .htaccess kumi na mawili yaliyotawanyika, na hakuna anayekumbuka kila moja linalinda nini, ningebaki na Apache, nikahamia event na PHP-FPM, na kuyapitia mafaili hayo moja baada ya jingine kwa utulivu.

Vyovyote utakavyochagua, usihamishe jina la tovuti kwenda kwenye seva mpya kabla ya kuijaribu kwa simu ya kawaida iliyoshushwa hadi mtandao wa 3G. Pakia picha ya MB 5 huku mwenzako akifungua ukurasa wa salio, na uone kama anasubiri. Omba /.env na /.git/config (faili la Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo) kwa kivinjari, na uhakikishe unakataliwa. Zima mashine nzima na kuiwasha, kisha usiguse kitu, uone kama tovuti inarudi yenyewe ikiwa na cheti halali. Mwisho fungua logi ya seva, utafute ombi ulilolituma kwa simu, na ulinganishe anwani iliyoandikwa pale na ile ambayo programu yako imeihifadhi.